Sentensi za Kimeru na Kiembu Zina Historia, na Kompyuta Inaweza Kuisoma

Kuna usemi unaorudiwa katika semina za vyuo vikuu, katika vikao vya kamati za utamaduni za kaunti na katika vyumba vya walimu kutoka Maua hadi Siakago: kwamba Kimeru na Kiembu ni lugha za mdomo, hazina maandishi ya kale, na kwa hiyo historia ya sarufi yao haiwezi kuandikwa. Ukitaja kompyuta, jibu linakuja haraka zaidi. Kompyuta, unaambiwa, ni ya Wafaransa na Waingereza wenye miswada ya miaka elfu moja. Sisi tuna wazee, na wazee wanatuacha. Wanaosema hivyo husema kwa huzuni ya kweli, na wasikilizaji hutikisa vichwa kukubali. Mimi nakataa. Usemi huo ni wa makosa mwanzo hadi mwisho, na ubaya wake mkubwa ni kwamba unawapa wasomi wetu ruhusa ya kuiacha kazi iliyo tayari mikononi mwao.

Nianze na hao Wafaransa, kwa kuwa ndio wanaotajwa kila mara kama watu waliobahatika. Maandishi ya kwanza yanayokubalika kuwa ya Kifaransa ni Viapo vya Strasbourg vya mwaka 842. Ni mistari michache iliyofungwa ndani ya historia ambayo Nithard aliiandika kwa Kilatini, na nakala iliyopo iliandikwa zaidi ya karne moja baada ya viapo vyenyewe kutamkwa. Kisha kuna wimbo mfupi wa Mtakatifu Eulalia, wa mwaka 880 hivi. Baadaye sana ndipo unaukuta utenzi wa Roland, unaofundishwa Ufaransa kama jiwe la msingi la fasihi yao. Mswada wake wa zamani zaidi uko Oxford, na aliyeunakili aliandika Kifaransa cha Uingereza, ng'ambo ya bahari. Maandishi mengi ya karne ya 12 ni mashairi, ambamo vina na mizani humlazimisha mtunzi kusogeza kitenzi mahali ambapo asingekiweka katika mazungumzo. Mengine ni tafsiri za Biblia kutoka Kilatini. Hakuna tahajia moja. Neno moja huandikwa kwa namna tatu katika ukurasa uleule.

Huo ndio utajiri tunaoonea wivu: nakala za nakala, tafsiri, mashairi, na waandishi wa lahaja ya ng'ambo. Kama kigezo cha kustahili uchunguzi kingekuwa usafi wa ushahidi, Kifaransa cha kale kingekuwa cha kwanza kukataliwa.

Hawakukikataa. Mwaka 1892 Rudolf Thurneysen alisoma hadithi ya Aucassin na Nicolette kwa kalamu na karatasi, akaona kwamba kitenzi katika Kifaransa cha wakati ule kilipenda kukaa nafasi ya pili katika sentensi. Kiima kikitangulia, kitenzi kinafuata. Yambwa au neno la wakati likitangulia, kitenzi kinafuata vilevile na kiima kinasukumwa nyuma yake. Mfaransa wa leo hasemi hivyo. Kwa hiyo mahali fulani katikati mpangilio huo ulikufa, na swali la maana lilikuwa: lini, wapi kwanza, kwa kasi gani, na katika sentensi za aina gani?

Maswali hayo hayajibiwi kwa kumbukumbu ya msomi hata awe mahiri namna gani, maana yanataka hesabu. Ndiyo sababu mwaka 1989 ulianzishwa mradi wa kopasi (mkusanyo wa maandishi uliopangwa kwa uchunguzi) ya Kifaransa cha zama za kati, ambao makao yake sasa ni Lyon, na Christiane Marchello-Nizia ni miongoni mwa waliouasisi. Ndiyo sababu France Martineau na wenzake nchini Kanada walijenga kopasi ya kufuatilia mabadiliko ya Kifaransa karne kwa karne, na Sophie Prévost na Achim Stein wakasimamia nyingine, ambamo kila sentensi imechorewa mti wake: hiki ni kitenzi, hiki ni kiima chake, hiki ni kishazi tegemezi na kinategemea neno hili. Watu waliketi wakaweka lebo hizo kwa mikono, sentensi baada ya sentensi. Baada ya hapo programu inaweza kuulizwa: nipe sentensi zote za kabla ya mwaka 1300 ambamo yambwa imetangulia na kiima kimekaa nyuma ya kitenzi, kisha nipe za baada ya 1400, na unipe tofauti ya kishazi kikuu na kishazi tegemezi. Jibu linakuja kwa dakika chache, na mwingine anaweza kuliuliza swali lilelile akahakikisha kama umesema kweli.

Kopasi hiyo ya Prévost na Stein ina takriban robo milioni ya maneno. Naomba msomaji aishike namba hiyo, kwa sababu nitairudia.

Sasa tuje kwetu. Waingereza walifika Embu kwa silaha mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Nyuma yao wakaja wamisionari: Wakonsolata na Wamethodisti kwa upande wa Meru katika mwongo wa 1910, Waanglikana upande wa Embu katika miaka hiyohiyo, na Kanisa la Uskoti lililomweka daktari Clive Irvine huko Chogoria mwaka 1922. Popote walipofika waliandika: katekisimu, nyimbo, vitabu vya kufundishia kusoma, Injili moja moja, na hatimaye Biblia nzima ya Kimeru iliyotoka mwaka 1964. Mwaka 1986 Daniel Nyaga alichapisha kwa Kimeru kitabu chake kuhusu mila na maisha ya Wameru, nathari iliyoandikwa na mwenyeji kwa wenyeji. Ongeza mihutasari ya vikao vya makanisa na vyama vya ushirika, barua za wafanyakazi waliokwenda Nairobi na mashamba ya walowezi, na sauti za matangazo: tangu idhaa ya Kimeru ya redio ya taifa hadi Muuga FM na Wimwaro FM za leo. Ni karne moja kamili ya ushahidi.

Wanaopinga wataniambia karne moja si kitu. Hapo hawajui sarufi inavyobadilika. Babu na mjukuu walioishi nyumba moja wanaweza kutofautiana katika umbo la sentensi bila mmoja wao kutambua, na wataalamu wa Kiingereza na Kifaransa huchunguza mabadiliko ya miaka hamsini wakapata ya kusema. Karne ambayo watu wake wamepitia shule, kanisa, jeshi la mfalme, vijiji vya hali ya hatari, lori, redio na simu ni karne ambayo lugha haikulala.

Wataniambia pia kwamba Biblia ni tafsiri, tena iliyosimamiwa na wageni, kwa hiyo Kimeru chake ni bandia. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na nitakaa nayo kidogo.

Kwanza, hakuna mmisionari aliyetafsiri peke yake. Sentensi zilipitia vinywa vya Wameru walioketi naye, wakamwambia hivi hatusemi, hivi tunasema. Pili, tafsiri ina upotofu wake, lakini upotofu huo unaweza kupimwa, na kipimo chake kimo ndani ya Biblia yenyewe. Kila aya ina namba. Luka 15, habari ya mwana mpotevu, imo katika Agano Jipya la Kikuyu la mwaka 1926, imo katika Biblia ya Kimeru ya 1964, imo katika Kitharaka, imo katika Kiswahili cha Union Version cha mwaka 1952, na imo katika Kigiriki na Kiingereza walichokuwa nacho watafsiri. Programu inaweza kuzipanga aya hizo ubavu kwa ubavu. Pale Kimeru kinapofuata mpangilio wa Kiingereza neno kwa neno, tuna haki ya kutilia shaka. Pale kinapoacha njia ya Kiingereza na ya Kikuyu na kwenda kivyake, hapo ndipo Kimeru kimemshinda mtafsiri, na sentensi hiyo ni ushahidi wa thamani kubwa. Tatu, tunaye Nyaga wa kulinganisha naye, pamoja na kila barua ambayo haikutafsiriwa kutoka popote. Umbo linaloonekana katika Biblia tu na halionekani kwingine ni la watafsiri. Linaloonekana kote ni la lugha.

Wachunguzi wa Kifaransa cha kale wangefurahi mno kupata kitu cha namna hiyo, habari ileile, imegawanywa aya kwa aya, katika lugha tatu za ukoo mmoja zinazozungumzwa kuuzunguka mlima mmoja. Hawana. Nasi tuna namba niliyoahidi kuirudia: Biblia nzima ya Kimeru ni maneno laki kadhaa, kuzidi kopasi nzima ya Prévost na Stein. Kitabu kimoja, kilicho katika maelfu ya nyumba kutoka Timau hadi Chogoria, kina sentensi nyingi kuliko kopasi ambayo imelisha tasnifu na makala za Kifaransa kwa miaka. Anayesema hatuna maandishi amekaa juu yake kanisani kila Jumapili.

Niseme sasa ni nini hasa tungekitafuta humo, kwa sababu mabishano haya yakibaki hewani hayatamsadikisha mtu.

Kuna kipashio kidogo ambacho kila mzungumzaji wa lugha hizi hukitumia mara mamia kwa siku. Kikuyu na Kiembu wanasema *nĩ*. Kitharaka kinakitamka *i* mbele ya konsonanti na *n* mbele ya vokali, kama walivyoonyesha Klaus Abels na Peter Muriungi mwaka 2008. Kina kazi mbili. Kinasimama kama kitenzi kishirikishi, mfano wa "ni" ya Kiswahili katika "huyu ni mwalimu". Na kinasimama mbele ya neno ambalo msemaji anataka lishike uzito: mbele ya nomino, ukitaka kusema ni fulani wala si mwingine aliyekuja, na mbele ya kitenzi chenyewe, ukithibitisha kwamba jambo limetendeka. Ukikanusha katika Kikuyu, kinatoweka.

Hicho kimetokea wapi? Dhana inayoingia akilini mara moja ni kwamba kilianza kama kitenzi kishirikishi, kikatumika katika sentensi za "ni fulani ambaye", kisha uzito wa sentensi hizo ukachakaa kwa matumizi mengi hadi kikahamia mbele ya vitenzi vya kawaida. Njia hiyo Kifaransa kimeipita. Mfaransa anapouliza swali kwa *est-ce que*, anatumia mabaki ya sentensi nzima iliyokuwa na maana yake kamili. Kwa karne kadhaa ikaganda, na leo ni alama tupu ya swali. Wafaransa wanaweza kukuonyesha hatua za mgando huo kwa tarehe, kwa aina ya maandishi na kwa idadi. Sisi tunabaki na dhana. Hakuna aliyehesabu, katika maandishi ya miaka ya 1920, ya 1960 na ya leo, ni mara ngapi kipashio hiki kinakaa mbele ya kitenzi na mara ngapi mbele ya nomino, na kama uwiano huo umesogea. Hakuna aliyehesabu kama kinaenea kwa kasi moja katika vishazi vyote, jambo ambalo Anthony Kroch wa Pennsylvania alidai mwaka 1989 kwamba ndivyo umbo jipya la sentensi linavyoenea katika lugha yoyote. Dai la Kroch limepimwa kwa Kiingereza, Kifaransa, na lugha nyingine za Ulaya. Kimeru kingeweza kulithibitisha au kulivunja, na dunia nzima ya wanaisimu ingelazimika kusikiliza.

Vivyo hivyo nyakati zilizopita. Lugha hizi hutofautisha kilichotendeka leo, kilichotendeka jana na kilichotendeka zamani, kila kimoja kwa umbo lake la kitenzi. Je, kijana wa Makutano anazishika tofauti hizo kama alivyozishika bibi yake? Kila mzee atakujibu kwa uhakika kwamba vijana wameharibu lugha, na kila kijana atakana. Jibu la kweli limo katika rekodi na maandishi ambayo hakuna aliyeyawekea lebo.

Hapa wako wanaosema tuwaulize wazee, tuachane na mashine. Nawaheshimu, na kazi ya kuwarekodi wazee haiwezi kusubiri. Lakini tuangalie kilichotokea tulipowauliza. H. S. K. Mwaniki aliwasikiliza wazee wa Embu na Mbeere, akatoa mwaka 1973 historia yao. Jeffrey Fadiman aliketi na wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi iliyozaa kitabu chake cha 1993. Hizi ni kazi kubwa na bila hizo tungejua machache. Vitabu vyote viwili tunavisoma kwa Kiingereza. Walichosema wazee kimehifadhiwa. Namna walivyokisema, mpangilio wa maneno yao, mahali walipoweka uzito, vimebaki nje ya kurasa. Mwanahistoria hana lawama, kwani hakuwa anatafuta sarufi. Lawama ni yetu sisi watu wa lugha, tulioona kwamba mzee akisharekodiwa na kutafsiriwa kazi imekwisha. Sauti ya saa kumi isiyonakiliwa kwa maandishi wala kuwekewa lebo haiwezi kuulizwa swali lolote. Unaweza tu kuisikiliza tena kwa saa kumi.

Namna nyingine ya kuikwepa kazi hii ni ya kitaaluma zaidi. Tasnifu nyingi za sintaksia ya lugha zetu zimejengwa juu ya sentensi ambazo mwandishi, kwa kuwa ni mzawa, amezitunga mwenyewe mezani: Kamau alinunua kitabu, kitabu kilinunuliwa na Kamau. Sipuuzi njia hii. Imetufundisha mengi kuhusu kinachowezekana na kisichowezekana. Lakini inatupa lugha ya mtu mmoja kwa siku moja. Haiwezi kumwambia mtu lolote kuhusu mwaka 1930, na haiwezi kutofautisha kinachowezekana na kinachosemwa kweli. Mwanafunzi anayehitimu hivyo anaondoka akiamini kwamba lugha yake haina wakati, kwamba imekaa vilevile tangu Mbwaa, kisiwa kile cha masimulizi ya asili ya Wameru, hadi siku aliyojaza fomu ya usajili.

Na wako wa upande wa pili, vijana wa teknolojia, wanaosema tusihangaike na lebo. Akili bandia itajifunza yenyewe. Asiyekuwepo na lake halipo. Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi ziliyopewa, na Kimeru na Kiembu zilichopewa ni kidogo. Mradi wa Kencorpus, uliofanywa na vyuo vya Kenya kwa ajili ya kazi hizi hasa, ulikusanya Kiswahili, Kidholuo na lahaja za Kiluhya; ni hatua njema, lakini lugha za mashariki ya Mlima Kenya hazikuwamo. Mwaka 2015 Rebecca Grollemund na wenzake walitumia kompyuta kuchora mti wa ukoo wa lugha za Kibantu zaidi ya 400 na njia zilizopitwa na wasemaji wake kutoka magharibi mwa Afrika. Walichotumia ni orodha za maneno. Sentensi hazikuingia. Hata mashine iliyochora miti ya Kifaransa cha kale peke yake ilifundishwa kwanza kwa miti iliyochorwa na binadamu. Hakuna njia ya mkato inayompita mzawa wa lugha.

Ukweli ni kwamba sehemu ya njia imeshafyekwa karibu nasi. Guy De Pauw wa Antwerp na Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wakifundisha kompyuta kuchambua maumbo ya maneno ya Kikuyu mwaka 2007, na kurudishia alama za *ĩ* na *ũ* katika maandishi yaliyochapwa bila hizo. Tatizo hilo la alama ni letu pia. Vokali ni saba na herufi za kawaida ni tano, na waandishi wa Kimeru hawajakubaliana nani aweke alama na nani asiweke. Kilichofanyika Nairobi kwa Kikuyu kinaweza kurekebishwa kwa ajili ya Kiembu na Kimeru kwa juhudi ndogo kuliko ile ya kuanza mwanzo.

Sitadai kwamba kompyuta inatosha. Kuna jambo moja ambalo maandishi haya hayatalitoa kamwe, nalo ni toni. Lugha hizi hubadili maana na hata aina ya kishazi kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na katekisimu ya zamani haina alama ya toni hata moja. Sehemu ya historia ya sintaksia yetu imefungwa humo, na itabidi itafutwe katika rekodi za sauti, ambazo ni za karibuni zaidi. Mtafiti wa Kifaransa hana mzigo huu. Ni upungufu halisi, na mradi wowote utakaoupuuza utatoa majibu ya uongo kwa kujiamini kukubwa.

Kuna hatari nyingine pia, iliyo nzito kwetu kuliko kwa wengine. Kimeru ni majina mengi: Imenti, Tigania, Igembe, Miutini, Igoji, Mwimbi, Muthambi, na Chuka na Tharaka ambao wengi wao hawataki kuitwa Wameru kwa lugha. Wilhelm Möhlig wa Cologne alizichunguza lahaja hizi za mlima kwa makini na kuchapisha mwaka 1974, na mpaka leo tofauti zao zinatushangaza. Biblia haikuziwakilisha zote. Katika mabishano ya baa na ya bunge la kaunti utasikia kwamba Waigembe ndio waliohifadhi Kimeru asilia, kwa kuwa wako mbali milimani, au kwamba Kiimenti ndicho Kimeru sanifu na vingine ni kupinda. Madai yote mawili hayana msingi. Lahaja iliyo mbali hubadilika nayo, kwa njia yake; inaweza kuhifadhi umbo la kale la swali na wakati huohuo kubuni umbo jipya la kukanusha. Nurse na Hinnebusch walionyesha katika kitabu chao cha 1993 jinsi historia ya Kiswahili na ndugu zake wa pwani inavyoweza kujengwa kwa kulinganisha lahaja zilizo hai, kipengele kwa kipengele, bila kumvika taji mmoja kati yao. Huku milimani ambako kutoka Mutuati hadi Kiritiri ni safari ya siku moja, kopasi yenye sentensi kutoka kila lahaja, zimewekewa lebo zilezile, ingefanya mengi kuliko mabishano ya miaka hamsini.

Kiembu kina shida yake ya pekee, na wanaokipenda wasidanganywe kwamba kitapata nafuu kwa kusimama kando ya Kimeru. Kwa miaka mingi makanisa ya Embu yalisoma Biblia ya Kikuyu, na mtu aliyejifunza kuandika alijifunza kuandika kwa sarufi ya Nyeri na Kiambu. Kwa hiyo barua ya Mwembu wa 1940 inaweza kuwa na Kikuyu katika mstari mmoja na Kiembu katika unaofuata. Wengi huona hapo uchafu. Mchunguzi wa Kifaransa angeona hali anayoijua vizuri, ya mwandishi wa Uingereza anayenakili utenzi wa bara huku lugha yake mwenyewe ikijipenyeza. Wameweza kutenganisha tabaka hizo mbili kwa sababu wana maandishi ya kutosha ya kila upande. Kwa Kiembu upande wa pili lazima utoke majumbani: Runyenjes, Kigari, Ishiara, Manyatta, kwenye masanduku ya barua za ndugu, daftari za vyama na mihutasari iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi hizo zinachomwa kila nyumba ya zamani inapobomolewa kujengwa ya mawe, na hakuna anayewaambia wenye nyumba kwamba zina kazi.

Vyuo havikosekani. Chuo Kikuu cha Chuka, Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Embu na Kenya Methodist vyote viko ndani ya eneo hili, vikiwa na wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta miradi ya mwisho wa masomo na wanafunzi wa isimu wanaotafuta data. Hawakutani. Mmoja hutengeneza programu nyingine ya kukodisha nyumba, mwingine hutunga sentensi nyingine za Kamau na kitabu. Kuchapa upya katekisimu moja, kuikagua, na kuziwekea lebo sentensi zake elfu moja za kwanza ni kazi ya watu wawili hao kwa mwaka mmoja wa masomo, kwa kompyuta walizo nazo na kwa programu za kuwekea lebo ambazo hutolewa bure.

Mara nyingi mjadala huishia kwa swali la mtu wa fedha: haya yote yatamsaidia nani? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza na kulinda lugha za watu wa Kenya, na mtaala wa umilisi umeziweka lugha za mama katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Kwa hiyo sasa hivi, mwalimu wa Gredi ya Pili huko Mutuati ana kitabu cha Kimeru kilichoandikwa kwa sarufi ya Imenti, na mbele yake ana mtoto aliyeandika sentensi ya Kiigembe, kitenzi kikiwa mahali ambapo kitabu hakikukiweka. Kalamu nyekundu iko mkononi. Anahitaji kujua kama umbo lile ni kosa la mtoto, au ni jipya linaloenea kwa vijana wote, au ni la zamani ambalo Imenti wenyewe walikuwa nalo miaka ya 1920 wakaliacha. Majibu hayo matatu yanadai vitendo vitatu tofauti kwa mtoto yule, na leo hakuna ofisi, chuo wala kitabu kinachoweza kumpa mwalimu yule hata moja.